Ufa wa Nyuma ya Jiko

Kwetu jina lake ni mjusi kafiri,
na mtoto akimwona ukutani hutafuta kandambili.
Huku Ladakh, katika bonde la Shamyul,
ambako hewa ni nyembamba kama chai ya kukopa,
hakuna aliyewahi kumshtaki kwa lolote.

Urefu wake kidole cha shahada.
Rangi yake vumbi juu ya vumbi,
mkia wenye pete saba, na macho yasiyo na kope:
huyalamba kwa ulimi,
kama mtu afutaye miwani kabla ya kusoma barua mbaya.
Ng'ambo ya mlima hayupo. Watu wametazama.
Amebaki humu bondeni tu,
sarafu iliyosahauliwa mfukoni mwa koti.

Kiangazi Tundup alirudi toka mjini
na mifuko arobaini ya saruji.
"Mama, wageni hawataki ukuta unaotembea."
Mafundi wakaanza upande wa jua.
Wakaziba, wakasugua, wakaziba.

Skarma Yangdol alikuwa juu ya paa, anaanika aprikoti.
Alishuka ngazi kinyumenyume, goti moja bovu,
akabandika kiganja kwenye ufa wa nyuma ya jiko
na hakukiondoa.
Fundi akangoja. Saruji ikamgandia mwikoni.
"Huu hapana."

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
nilikuwa nayo mdomoni, mimi mpangaji wao wa kwanza,
nikaimeza. Ukuta wenyewe
ulikuwa umesimama na ufa wake
tangu bibi yake Skarma akiwa bi harusi.

Januari upepo ukaingia pale kama mdai.
Maji yaliganda ndooni, ndani ya nyumba.
Tundup alilala na kofia, akinung'unika.
Mama yake akasogeza godoro karibu na ufa, si mbali nao.
"Yumo," aliniambia.
Nilimulika tochi.
Giza, na uzi mmoja wa buibui.

Aprili, asubuhi ya jua la kwanza lenye maana,
kichwa kikatoka, kikasita, kikatoka.
Kisha mwili. Kisha mkia,
lakini mpya: mfupi, laini, hauna hata pete moja.
Ule wa zamani alimwachia nani, sijui.

Skarma aliutazama, akautazama ukuta wa mwanawe,
akacheka hadi akashika goti.
"Loo! Hata huyu kapigwa plasta."