Ukurasa wa Arobaini

Nilimchora kwanza kwa kumchukia,
dukani kwangu Nyangao, kando ya barabara ya Masasi,
mashine ya fotokopi ikikohoa,
umeme ukienda na kurudi kama homa.
Nikampa jina: Shaushi Likungula, askari wa Mjerumani.
Nikampa mashavu yaliyobonyea, tarbushi, vifungo vitano vya shaba,
na neno moja tu katika kila kisanduku:
Hewala, bwana.

Bwana akisema choma, anachoma.
Ukurasa wa saba anachoma ghala la mtama la mjomba wake,
mjomba aliyemfundisha kutega ndezi.
Haulizi kwa nini. Anauliza kiberiti kiko wapi.
Ukurasa wa kumi na tisa nduguye anamwita kutoka nyasini, goti limepasuka.
Likungula anasimama
(nilimchora akisimama, nisije nikaitwa mwonevu)
kisha anakumbuka birika la bwana halina maji.

Akipenda, chongo huita kengeza.
Huyu alizidi: alilitoa jicho lake mwenyewe
akampa bwana alishike.

Nilidhani watoto watamzomea.
Kila Ijumaa wanakuja na mia mbili zao, jasho limezilowesha,
kununua ukurasa mpya,
na shujaa wangu Nankumba, mpole, mwerevu,
niliyezihangaikia nywele zake wiki tatu,
hakuna anayemuulizia.
Wanatembea kama Shaushi. Wanakaza shingo.
Mwalimu wa zamu akiita, mstari mzima unajibu:
Hewala, bwana!
Na mwalimu anafurahi. Ndiyo shida, anafurahi.

Bibi Somoe Chinduli alikuja kunakili stakabadhi ya korosho,
kilo mia na tisini, malipo bado.
Akangoja umeme. Akasogeza karatasi yangu karibu na uso.
"Miguu umekosea.
Umemvisha buti. Babu yangu alikuwa wa hao hao.
Buti zilikuwa za bwana. Yeye alizining'iniza shingoni,
pekupeku, kutoka hapa mpaka Ruvuma,
na alama ya kamba ikabaki, hapa,"
akajigusa,
"sisi wajukuu tulidhani kazaliwa nayo."

Hakumchukia yule bwana?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.
"Mpaka anakufa alilalia ubavu mmoja, asizikunje.
Na zilishaliwa na mchwa, mama yangu bado kigoli."
Umeme ukarudi. Akalipa, akaenda zake.

Usiku ule nikazikwangua buti kwa wembe,
kurasa thelathini na tisa,
vidole vya miguu vikitokea kimoja kimoja
kama vilikuwa humo siku zote, vimejibanza.

Ukurasa wa arobaini alitakiwa afe kwa mkuki wa Nankumba.
Nilishaahidi.
Badala yake nikachora Lukuledi umefura, masika, magogo yanabingirika,
na kofia nyeupe ya bwana inachukuliwa na upepo, inatua majini.
Bwana hakusema kitu.
Bwana, kwa kweli, alikuwa anacheka.
Alikuwa na kofia nyingine.
Kisanduku cha Shaushi nikakiacha kitupu:
hapakuwa na amri, basi hapakuwa na hewala.
Buti kaziweka kwanza juu ya jiwe, visigino sambamba.
Kisha maji.

Hakuna aliyemtuma.
Kalamu iliponyanyuka nilikuwa natetemeka,
mimi niliyemuumba.

Ijumaa, Athumani wa darasa la tano alisoma amesimama,
midomo ikicheza.
Nikangoja. Nilitaka sijui nini: hasira, angalau,
au aniulize yule nduguye alipona goti.
"Kofia aliipata?"

Pembeni mwa picha, ukikazia macho, kuna mkono,
na mkononi kuna kitu cheupe.
"Aliipata," nikasema.

Akatabasamu kama mtu aliyelipwa deni lake,
akaukunja ukurasa mara nne,
akaupachika mfuko wa shati, upande wa moyo,
akakaza shingo,
akatoka.