Tundu la Julai

Zahoro alirudi likizo na picha moja kwenye simu:
ziwa jeupe kama sinia la unga,
yeye juu yake, kakalia ndoo,
kavaa makoti mawili, na mbele ya viatu vyake
tundu lisilozidi kinywa cha mtungi.
"Humo ndimo tunamovulia."
Mama akauliza mara mbili: mnatembea juu ya maji?
Kisha akauliza jambo ambalo mimi nisingeliwaza:
"Na mkiondoka, hilo tundu hufunikwa na nani?"
"Linajifunga lenyewe, shangazi."
Mama akarudi kwenye karanga zake.

Mimi nina bwawa la Pongwe,
lililochimbwa enzi za mkonge ili mitambo ipate kunywa.
Mitambo imekufa kwa kiu nyingine, bwawa limebaki.
Chama chetu, watu kumi na wanane,
tulipanda vifaranga elfu mbili vya perege,
tukainamisha mifuko polepole,
kama anayemlaza mtoto asiamke.
Semng'indo mlinzi akapewa daftari na tochi.
Kila ndoana shilingi elfu. Nyavu marufuku.

Nimelisoma bwawa hili kwa miezi yake.
Masika, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa,
achana na katikati. Kaa mferejini,
nyungunyungu wawili, chubwi jepesi,
perege waje kulamba mvua ilichoosha mashambani.
Januari, ukifika saa mbili asubuhi umechelewa:
jua limeshawasukuma chini ya yungiyungi
na huko mshipi haupiti bila kujifunga.
Vuli sisemi. Vuli ni ya kambare, kambare ni wa usiku,
na usiku Semng'indo hamfungulii mtu lango,
hata shemeji yake, ambaye ni mimi.

Lakini Julai.
Kipupwe kikishika, samaki hukaa chini kabisa,
wazito, kama watu waliokosana na chakula.
Na juu magugu-maji yameshona ukingo kwa ukingo,
kuku wa Semng'indo huvuka bila kulowa vidole.
Wenzangu hukunja mishipi wakangoja Septemba.

Zahoro akalitazama lile zulia, akatabasamu peke yake.
"Panga lipo?"

Tukafunga milingoti ya mkonge, mikavu, myepesi,
tukaisukuma hadi katikati, matako yakilowa,
na pale akakata duara la ukubwa wa ungo.
Maji meusi yakafumbua jicho.
Mwanzi wangu mrefu akauweka kando.
Akanipa kijiti cha urefu wa mkono.
"Usirushe. Shusha.
Ikigusa tope, inua upana wa vidole viwili. Subiri.
Samaki wa baridi hakifuati chakula,
mpelekee mdomoni."

Nyungunyungu wake hawakuguswa.
Hapo na mimi nikatoa langu: ugali wa jana,
umekandwa na unga wa dagaa, punje kama ya kunde.
Haikuvuta. Ililegea tu,
mshipi ukapoteza uzito, kama mtu
aliyekubali jambo bila kutaka kusema ndiyo.
Nikainua.

Watatu, hadi saa sita.
Ukingoni Semng'indo alipiga kelele kila baada ya dakika tano:
"Mmepata? Mmepata?"
Nikataka kumnyamazisha, Zahoro akanishika mkono.
"Mwache. Kule naweza kukaa siku nzima
asitokee wa kuniuliza."

Tulipowalaza perege kwenye kasha,
juu ya bonge la barafu nililonunua Ngamiani,
aliweka kiganja kwenye barafu ile
akakiacha pale, muda mrefu kuliko haja.

Kutoka ukingoni tukageuka kuonyesha tulipokaa.
Kijani kitupu. Kuku mmoja anapita.
Semng'indo hakuamini, ila aliandika:
perege watatu, ndoana mbili, shilingi elfu mbili.
Zahoro akatoa noti ya elfu tano,
chenji akaikataa, kisha akaomba asomewe tena
lile neno la mwanzo, jina lake,
lilivyoandikwa: Zahoro, wa hapa.