Robo Kilo

Nilikuwa karani wa mizani, Mwika,
miaka tisa, kalamu sikioni,
na kidole gumba changu kilijua
mahali pa kukaa chini ya sahani
ili gunia la kahawa ya maganda
lipungue robo kilo.
Robo tu. Nani aende mahakamani kwa robo?

Nilimwambia Mungu hivyo hivyo
Jumapili, benchi la tatu upande wa wanaume:
robo si wizi, ni makombo.
Mchungaji akaomba, nami nikaitika Amina
kwa sauti iliyoshiba.

Lakini robo zina ukoo.
Zikaoana, zikazaana,
zikawa bati la jikoni, zikawa redio,
zikawa ada ya mwanangu Elisante,
na mtoto wa mjane Ndeshukurwa akarudishwa nyumbani
na barua ya mwalimu mkuu mfukoni.
Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe kando ya mfereji
saa nne asubuhi, siku ya shule.
Akaniamkia, "Shikamoo."
Nikaitika marahaba.
Marahaba!

Haki haikuja na radi.
Ilikuja na mkaguzi kutoka Moshi mjini,
kijana mwembamba mwenye mafua,
akaweka mezani jiwe la kilo tano lenye mhuri,
akasema, "Nipimie hili, mzee."
Kidole kikaenda mahali pake chenyewe
kama ng'ombe anayejua zizi.
Nne na robo tatu.
Hakuninyooshea mkono. Alipenga kamasi, akaandika.

Tangu siku hiyo usingizi wangu una meza,
na juu ya meza jiwe,
na nyuma ya jiwe Yeye asiyepokea bahasha,
asiyeniuliza mimi ni wa ukoo gani.
Ananyamaza tu. Ananingoja nipime.

Ijumaa Kuu nilikata isale mpakani mwa kihamba,
nikapanda kwa Ndeshukurwa.
Masika ilikuwa imefungua mabomba yake yote;
tope lilinivua kiatu kimoja, sikurudi kukitafuta.
Njiani nilipiga hesabu: magunia, misimu, robo.
Niuze mbuzi, niezue bati,
bado.
Na ule mwaka wa mtoto darasani,
unauzwa duka gani nikaununue?

Nilimkuta njiani, nusu ya mteremko,
kanga imemganda mabegani,
na mkononi mwake isale
bichi, lenye matone.
"Nilikuwa nashuka kwako," akasema.
Nikamwambia, "Mama, aliyekosewa ni wewe."
"Najua. Nilipima nyumbani kabla ya kuja kwako,
kila msimu. Najua hadi gramu.
Deni lako limenila ini miaka tisa.
Leo nimelimeza.
Ni chungu, usidhani si chungu."

Nikamtazama usoni, nikaliona deni langu pale.
Halikuwa limeyeyuka. Lilikuwa limehama.

Kengele ya usharika ikagonga saa tisa.
Tumesimama pale, wawili, majani mawili, mvua moja.

Tangu kipaimara nimeuimba msalaba
nikidhani Mungu alifuta tu,
kama mwalimu afutavyo ubao, akaenda zake chai.
Sikuwahi kujiuliza vumbi la chaki huenda wapi.
Huingia kifuani mwa anayefuta.
Hukohoa damu.

Ewe uliyeshuka mlima na isale mkononi,
Wewe mwenye kihamba, mwenye mfereji, mwenye jiwe,
ukanikuta nusu ya njia na kiatu kimoja,

sasa mtoto wa Ndeshukurwa yuko shuleni tena,
amewapita wenzake kwa kimo, wanamcheka,
na ada naipeleka mimi, kidogo kidogo.
Simlipi mama yake. Hilo limeshamezwa.
Napeleka kwa sababu mikono hainitulii.

Na kidole hiki bado sikiamini.
Nikipita karibu na mizani ya chama
nakifungia ndani ya wenzake wanne,
nakaza ngumi,
nasema kimoyomoyo: Bwana, pima Wewe.