Shimo la choo, Kadutu

Mita moja na nusu chini, koleo la Cirhuza
likatoa mfuko wa duka la Mama Nsimire,
duka lililoungua kabla binti yangu hajaota meno.
Namba ya simu bado inasomeka.
Tukaipiga, kwa mzaha. Haipatikani.

Kando yake ule mwingine, wa kijani,
ulioapa kwa maandishi: *ninaoza*.
Ulikuwa umeliwa pembeni tu.
Huku chini hakuna jua wala hewa;
hata kuoza kunataka pumzi.
Nilipouinua ukavunjika vipande,
vipande vikazaa vipande,
vikaninata vidoleni kama magamba ya sambaza.
Haukuoza. Umejigawa.

Majani ya kwanga yaliyotupwa pamoja nao
hatukuyaona.
Labda ndiyo ule udongo mweusi
uliotuchafua magoti.

Wingu lilikwisha kushuka mlimani.
Cirhuza akautazama mtaro, akalitazama ziwa:
«Tuviache juu?»
Tukavifukia, haraka, kama wezi,
tukasogea hatua nne, tukaanza upya.

Pigo la tatu, koleo likasema
kwarakwara.