Rimu ya Nne

Oktoba, Hamilton, kichochoro nyuma ya Mtaa wa Barton.
Banda ni la Adelino; kaniazima pamoja na taa yake.
Kaskazini, mabomba ya moshi ya kiwanda cha chuma.
Kusini, kilima ambacho watu hapa hukiita Mlima.
Nimezaliwa Marangu. Nacheka kimoyomoyo, nainama.

Rimu tatu nimezimaliza. Hii ya nne ndiyo kaidi.

Kwanza nimechomeka karata
kati ya tairi na rimu, moja moja, mduara mzima,
ili dawa isiule mpira.
Nyumbani watamtafuta mzungu wa nne wa shupaza
hadi Krismasi.

Kisha dawa yenyewe, nzito kama uji wa ulezi.
Naimwaga bila choyo, naifunika nailoni isikauke.
Kopo linasema dakika ishirini. Adelino anasema thelathini.
Alikaa miaka thelathini na moja mbele ya tanuri;
habari za kungojea chuma sibishani naye.

Nikifunua, rangi imejikunja
kama utando wa maziwa yaliyochemka.
Nakwangua kwa kipande cha plastiki. Si kwa kisu:
kisu huacha chale, na alumini haisahau.

Nyeusi inatoka.
Chini ya nyeusi, dhahabu.
Wahenga walisema ya kale ni dhahabu;
hii ya kale ni dhahabu ya kopo,
kaipaka mtu mwenye haraka, au mwenye furaha,
michirizi imeganda ikishuka upande mmoja,
kumbe hata hakuifungua nati, aliipaka gari likiwa limesimama.

Na hapo, kando ya tundu la nati,
alama ya kidole gumba.
Ndogo. Mistari yake yote imo,
matuta ya shamba yaliyotazamwa kutoka juu.
Mtoto. Kaambiwa usiguse, akagusa.

Nikavua glavu.
Nikaweka kidole changu juu yake, kikaifunika yote.

Nikampigia Lorraine aliyeniuzia gari.
"Sisi? Sisi tulipaka nyeusi tu," akasema,
"dhahabu tuliikuta. Na watoto hatukujaliwa."
Akaniuliza kama hita bado inalia.
Nikamwambia inalia.

Basi kidole hakina mwenyewe.
Nikasimama na kopo mkononi
kama mtu aliye mlangoni mwa msiba asioujua,
apige hodi au apite.

Mwezi ujao malori yatamwaga chumvi.
Chumvi haina haya: ikipata ufa wa unene wa unywele
inaingia chini ya rangi, inaitia malengelenge,
inakula taratibu, na Machi unakuta vidonda vyeupe.
Rangi mpya haishiki juu ya rangi iliyokwisha kuachia.
Hilo nalijua. Nimelijua tangu rimu ya kwanza.

Nikamwaga dawa. Nikafunika.
Nikatoka nje.
Mvua ilikuwa nyembamba, kama imepita kwenye chekeche.
Adelino akanimegea mkate wa mahindi wa mkewe,
hakuuliza kitu, nami nikatafuna
huku nikihesabu dakika. Nilimpa thelathini na tano.

Niliporudi palikuwa na ute wa manjano tu.
Msasa wa themanini, wa mia mbili ishirini, wa mia nne.
Maji, sabuni, kitambaa, halafu kitambaa kingine.
Alumini ikatokea: kijivu, yenye vishimo vya chumvi
ya miaka nisiyokuwapo.
Haikuwa nzuri. Ilikuwa tayari.

Usiku mke wangu akasogeza sahani yake.
"Unanuka kopo," akasema.
Nikanawa mara ya tatu, kwa ndimu.
Chini ya ukucha wa gumba
dhahabu kidogo ilikataa kutoka.

Naye mzungu wa nne nimemrudisha kwenye karata,
kababuka uso, ndevu zimekwenda.
Tukicheza Jumamosi, kila mtu atajua
ni nani aliyemshika.