Chachu ya Ghorofa ya Nne

Leelo, ile chachu imekufa.
Nilikuwa Saaremaa wiki nzima, mkono hadi kwapa,
nikihangaika na ndama waliokataa kugeuka.
Huku nyuma mume wangu akafungua friji,
akanusa, akaimwaga.
Simlaumu. Harufu yake haijawahi kuwa na adabu.

Nimekaa na chupa tupu, nikalikumbuka jiko letu la Tartu:
sahani mbili za umeme kwa watu kumi na wanne,
ya kushoto ikikupiga shoti ukiigusa kwa kijiko.
Kila mgeni tulimwachia ya kushoto.

Mwaka ule mabomba yaliganda kabla ya Krismasi.
Tulisoma na makoti, glavu tumezikata ncha
vidole vipate kufunua kurasa:
mimi na mifupa ya farasi, jina kwa jina, kwa Kilatini,
wewe na hesabu zako, ukiandika kwa ukucha
kwenye barafu ya kioo cha dirisha.
Asubuhi jibu limeyeyuka,
nawe waapa lilikuwa sahihi.
Mpaka leo sijui. Mpaka leo nakuamini.

Urmas ndiye aliyekuja nayo kutoka kwao Võru,
ndani ya chupa ya matango, kaiviringishia fulana
kama mtoto mchanga.
"Hii ni kongwe kuliko jamhuri," alisema.
Hatukuuliza jamhuri ipi.
Akatufundisha: unga mweusi, maji vuguvugu, subira,
na usafi, ambao yeye mwenyewe hakuwa nao.
Bi Hilja, msimamizi wa bweni, alipanda ngazi na daftari la faini;
alishuka na nusu mkate kwapani, ungali moto.
Faini hatukuiona.

Ya mihadhara nimesahau mengi.
Yule profesa aliyetutoa jasho, nakumbuka viatu vyake tu.
Lakini usiku ule Tiiu alipopigiwa simu kuhusu baba yake,
sote wanne sakafuni, migongo ukutani,
tukimega mkate bila siagi, bila neno,
usiku ule nitahini hata sasa.

Siku ya kuhitimu mvua ilituloanisha na kofia zetu.
Jioni tukaigawa chachu mafungu manne
kwa kijiko cha maabara (nakiri leo: nilikiiba).
Vyeti walitupa wao. Hii tulipeana wenyewe.
Tukaahidi kuandikiana kila mwezi.

Mwaka wa kwanza, kila mwezi.
Wa pili, Krismasi.
Wa saba nilikuwa na anwani zako tatu,
na katika zote tatu ulikwisha hama.
Simu yangu ina majina mia nne,
na nikiunguza supu
sijui nimpigie nani tucheke.

Husemwa mla nawe hafi nawe.
Sawa.
Ila mla nawe ndiye ajuaye ulikula nini
siku ulipokuwa huna.

Jana usiku nikapiga hesabu, mimi, si wewe:
yako ilikufa ulipohamia Gothenburg, ukaomba kwa Tiiu.
Ya Tiiu ilikufa alipojifungua pacha, akaomba kwangu.
Hata Urmas, mwenye mali,
aliisahau juu ya jiko la kuni, ikaiva yenyewe,
akaniandikia barua ya aibu, kurasa mbili,
barua pekee niliyowahi kupata kwake.
Imekufa kwa kila mmoja wetu.
Haijawahi kufa kwa wote siku moja.

Basi nitumie kijiko kimoja.
Ianike kwenye karatasi, ivunje vipande,
uitie kwenye bahasha kama ulivyofanya kwa Tiiu.
Chupa nimeshaiosha, mume nimeshamwonya.
Na uandike kidogo pembeni, chochote,
hata ile hesabu ya dirishani.
Safari hii kwa kalamu.