Kifungu cha Tisa

Sheria ilifika Konde kwa bahasha ya kaki,
mhuri wake bado unanuka wino:
kila skuli iwe na chumba cha afya,
na mtu wa kusikiliza.

Chumba tunacho. Mna madawati mabovu,
majamvi ya Maulidi, ngoma za halaiki.
Ufunguo anao Mwalimu Makame,
naye siku hiyo alikuwa Wete,
kwenye semina ya sheria hiyohiyo.

Basi Faki Ussi nikamkalisha ngazini.
Darasa la sita. Wiki ya tatu hiyo
tumbo lamshika kila saa ya hesabu;
nimempa panadoli hata kopo limebaki hewa.

"Lilianza lini, mwanangu?"
Akachora vumbini kwa kidole, akafuta.
"Mama alipokwenda Maskati."

Kengele ikagongwa. Hatukuinuka.
Nikavua viatu, nikashuka ngazi yake,
kifungu cha tisa kimo mkobani
kimekunjwa mara nne.

Hakusema tena. Alikula nusu ya andazi langu.

Kwenye daftari jipya la wagonjwa,
chini ya "dawa aliyopewa",
kalamu ilisita sana.
Nikaandika: ngazi.